Nilimwambia Ayaache Matunda

Soweto, Moshi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Tukuyu? Je, mvua imewaachia mahindi? Mimi ni mzima wa mwili, nakula na ninalala. Barua uliyompa dereva wa lori la viazi niliipata. Umeniuliza mara ya pili kwa nini niliacha kazi ya miti kule Kirua Vunjo, na sasa nafyatua matofali mjini. Mara ya kwanza nilikujibu juu juu. Leo nakueleza yote, maana kuna jambo nimelifanya na hapa sina wa kumwambia.

Mzee Aloyce, yule aliyeniajiri, aling'oa mibuni ya marehemu baba yake kahawa ilipokosa bei. Akapanda miche ishirini ya maparachichi ya kubebesha, yale ya kuunganishwa juu ya shina la mti mwingine, akamkabidhi mkewe, Mama Genofeva. Alisema kahawa ni mali ya mwanamume, lakini matunda ni mambo ya wanawake. Yule mama alibeba samadi kichwani toka zizini hadi mwisho wa kihamba, lile shamba lao la ukoo, kila shimo madebe mawili. Miche ikaota vizuri, lakini kila mmoja ulikwenda juu kama fimbo, shina moja tu, kimo cha kifua changu.

Nikafanya ulivyonifundisha. Nilikata kilele cha kila mche usawa wa kiuno ili utoe matawi ya pembeni, nikaondoa machipukizi yote yaliyoota chini ya kiungo, pale mche ulipobebeshwa. Nilikuwa nafuta kisu Mzee Aloyce aliporudi kutoka kunywa mbege.

"Nani kakutuma?" akauliza. "Ni yule adui yangu wa ng'ambo ya mfereji?"

"Hakuna aliyenituma, mzee. Mche usipokatwa kilele unarefuka tu, matunda utayachuma kwa ngazi."

"Na wewe nikikukata kichwa, utazaa?"

Akanichapa fimbo mgongoni. Akaita majirani, akaita na balozi wa nyumba kumi. Hawakunipeleka polisi. Mzee alisema nirudishe kila kilele mahali pake. Nilidhani ni mzaha mpaka aliponitupia kamba za mgomba. Mama, nilitambaa kwa magoti kwenye miche yote ishirini, nikifunga vilele vilivyokatwa juu ya mashina yake, na watu wakininyooshea vidole: "Hicho si cha hapo! Ni cha mwenzake!" Balozi alicheka mpaka akakaa chini. Na Mama Genofeva, aliyekuwa akinipikia mtori kila mchana, alijifunika mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Fimbo ya mzee niliisahau baada ya wiki. Kicheko cha yule mama nilikibeba.

Nilifukuzwa jioni ileile.

Miche ilichipua, kama ambavyo wewe ungejua itachipua, matawi matatu, mingine manne. Nikasikia mzee anawaonyesha wageni, anasema ameipogoa mwenyewe. Msimu uliofuata ikatoa maua na kufunga matunda, mapema mno. Ndipo Mama Genofeva aliponitafuta hapa Soweto, na mkungu wa ndizi mbivu kichwani.

"Fundi," akasema, "yamejaa mpaka matawi yanainama. Jirani ananiambia niyapunguze, eti mti bado mtoto. Wewe unasemaje?"

Jibu nililijua. Mti wa umri ule unaachiwa matunda mawili matatu, mengine unayatoa yakiwa kama kidole gumba, la sivyo unachanika. Nilimtazama usoni nikamwambia, "Usiguse hata moja. Hiyo ni baraka."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru.

Masika yalipofika na upepo wake, matawi yalichanika kuanzia kwenye shina, yakashuka na ganda hadi kwenye kiungo. Miche kumi na minne ililala siku moja. Ile sita iliyobaki imesimama Mzee Aloyce aliimalizia kwa panga. Kisha akamgeukia mkewe.

Jumanne iliyopita Mama Genofeva alikuja tena. Mkono wa kushoto ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa kanga, na vidole viwili havikunjiki. Nilijua amekuja kunilaumu, nikawa nayapanga maneno ya kumkumbusha alivyonicheka. Akaketi juu ya matofali yangu, akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na maparachichi manne machanga, yamesinyaa kama mpira.

"Hayakuwahi kukomaa," akasema, "lakini ni ya kwanza, nikaona nikuletee. Usiumie moyo, mwanangu. Hata fundi hukosea."

Sikumwambia ukweli, Mama. Niliyapokea, nikasema asante, nikamsindikiza hadi barabarani.

Nisalimie Mjomba Mwakipesile na umwambie kisu chake bado ninacho. Msalimie dada Neema na wanawe, na bibi mzaa baba kama bado anasikia unapompazia sauti. Ukiandika, nigombeze upendavyo. Usinitumie maneno ya kunifariji tu, hayo nimekwisha kupewa.

Ni mimi mwanao,
Ambokile