Upepo Wenye Meno

Mtinko,
8 Juni 1951

Kwa kaka Zefania, machimboni Sekenke,

Shikamoo kaka. Natumaini kifua chako kimepoa na wifi hajambo. Sisi tunapumua. Kristina ameng'oka jino la kwanza. Bado anamwita baba yake kila mlango ukilia.

Ulisikia habari ya tufani iliyotupiga wiki ya tano baada ya kumzika mume wangu Paskali. Upepo na mvua ya mawe vililaza uwele wa Mtinko nzima. Ndipo baraza likafungua ghala la akiba, lile tunalopelekea debe moja kila mavuno. Paskali alikuwa akiliita bima yetu. Lakini sharti lake unalijua: linalipa tufani, halilipi ndege, kwa sababu ndege, wanasema, ni uvivu wa mwenye shamba.

Bwana Shamba, Antipasi, alipita akikagua. Kwangu alisimama sana. Jirani yangu Mughwai akamtania kwamba upepo wa Luciana una meno, maana wa wengine umeangusha masuke na punje zake, wangu umekula punje zote. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kaka. Nikaandikwa, nikapewa nafaka, na tumeshaanza kuila.

Sasa Lazaro wa ng'ambo ya mto amegundulika kuwa alilaza uwele wake mwenyewe. Amefungwa miezi mitatu. Antipasi ametangaza kwamba Alhamisi ijayo atakagua mashamba yote upya. Tangu hapo, mbwa akibweka tu nadondosha nilichoshika.

Kaka, sikukuambia. Wakwe walinikataza kupiga kelele shambani mpaka siku arobaini ziishe. Mjane hapazi sauti. Paskali alikuwa akipanda dunguni na debe bovu, akiwatukana ndege kama watani zake Wanyiramba. Mimi nilikaa chini nikawatazama wakila siku tatu, kimya. Tufani ilikuta masuke matupu, na mashina mengi yalibaki yamesimama. Niliyavunja mimi, kwa goti, Jumapili iliyofuata, watu walipokuwa kanisani.

Nimeamua kumwambia Antipasi kabla hajaingia shambani. Ninaogopa sana. Usije kunitetea. Njoo Jumatano uwachukue wanangu wote wawili, Kristina na Filipo, wasinione nikiongozwa na askari. Kristina halali mpaka ashike sikio la mtu. Mpe lako.

Msalimie wifi, na wote wa kambini wanaotufahamu. Mungu akulinde huko chini ya ardhi.

Dada yako,
Luciana