Kutu ya Shangazi

Dereva wangu Jillo,

Huko uliko sijui posta hufika vipi, kwa hiyo barua hii nitamsomea mkeo, Mama Hawa, na kwako itafika yenyewe. Sisi wazima. Ila nimefanya jambo ulilolisubiri miaka kumi na mmoja ya mimi kuwa taniboi wako: nimeliosha lori.

Usicheke kwanza. Shangazi, lori letu, alibaki pale pale alipotuzimikia karibu na kivuko cha Garsen, wiki mbili kabla ya homa kukuchukua. Kuku wakataga kwenye kiti chako. Mwenye lori akamuuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akatuambia atakuja kubebwa Jumamosi.

Jumanne akatokea mpiga picha kutoka Mombasa, Bwana Karim, na sanduku lake la miguu mitatu. Tukadhani katumwa na DC, na watu wawili wakakumbuka ghafla kwamba wana wagonjwa hospitali ya Ngao. Kumbe anatafuta magari ya kazi yaliyokufa! Anayapiga picha, kisha anazichovya kwenye dawa inayonuka mayai viza mpaka zigeuke rangi ya udongo. Mzee Guyo, aliyekuwa akivusha ng'ombe wake, alimtazama akasema, "Mimi iko hai, yeye hapana piga picha. Gari nakufa, ndiyo napiga!"

Mimi nikakukumbuka wewe. Hukuacha picha hata moja. Kila alipopita mpiga picha uliingia chini ya lori ukisema, "Mtu akipigwa picha ana kesi." Na Hawa alikuwa bado ananyonya ulipotuacha. Siku moja ataniuliza baba yake alikuwa nani, na mimi nitamwonyesha nini? Gogo la kuzuilia magurudumu? Nikamwomba Bwana Karim ampige Shangazi, atuletee picha moja tu. Akakubali, akasema kesho asubuhi.

Sasa, dereva, mtu anayekwenda kupigwa picha huoga kwanza. Nikamwandama Shangazi kwa mchanga wa mtoni na mafuta ya nazi ya mke wangu, ambaye hadi leo hajanisamehe. Nilisugua boneti, nikasugua madigadi, nikasugua taa ambazo hata wewe hukujua ni taa. Wewe uliyekuwa ukiniambia, "Hiribae, wewe huoshi, unalitia baridi tu," ungelia kwa furaha.

Asubuhi aliyelia ni Bwana Karim. "Kutu yangu iko wapi?" Nikamjibu kwa fahari kwamba nimeitoa yote. Akakaa mchangani akashika kichwa. Mtu kasafiri siku mbili kuifuata kutu, mimi nimeimwaga Tana.

Akaanza kukunja miguu ya sanduku. Nikaona picha ya Hawa inakwenda zake, nikasema, "Bwana, mlango wa dereva sijauosha."

Najua ungesema, "Mlango! Umesahau mlango tena!" Safari hii sikusahau. Nilifika pale na kitambaa mkononi. Unakumbuka ulivyokuwa ukiupiga kwa nje mara mbili, pah pah, ndipo nitoe gogo, nirukie nyuma, nipige kelele, "Nimepanda!" nawe uling'oe lori. Na mkono wako haukuwahi kukosa mafuta. Mlango wote umeliwa na kutu, ila pale ulipokuwa ukipiga kutu imeshindwa. Kiganja chako kizima kimebaki buluu, rangi ya zamani ya lori, na kile kidole kidogo kilichopinda. Nilishindwa kukifuta, dereva. Nililia mpaka kuku wakashuka kitini.

Bwana Karim aliusogelea mlango, akaikunjua tena miguu ya sanduku. Akaupiga picha huo peke yake, basi.

Picha imefika wiki iliyopita. Mama Hawa alipoifungua alisema imeingia kutu njiani, labda watu wa posta wameivusha mto kwa kuogelea. Halafu akakiona kidole. Akaweka mkono wake juu ya mkono wako. Hawa akapanda kwenye mkeka akaweka na wake. Kwa hiyo umepigwa picha, bwana mkubwa, na huna kesi yoyote. Tumeitia kioo. Nakuahidi nitakipangusa kila Ijumaa, pembe zote nne, na safari hii sitatia baridi tu.

Shangazi alikwenda Jumamosi ile ile. Walimfunga minyororo juu ya lori lao, wakataka kuondoka kimya kimya, bila adabu. Nikausogelea mlango, nikaweka kiganja changu juu ya chako, nikapiga mara mbili. Gari likang'oka. Na mdomo wangu, kwa mazoea yake, ukapaza sauti nami nimesimama mchangani, "Nimepanda!" Kivuko kizima kikacheka.

Usiwasikilize, wala usinisubiri. Nenda salama, dereva. Mimi bado sijapanda.

Taniboi wako,
Hiribae