Jina Lako Bado Linawaka Kijani

Kasingirima, Ujiji
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mdogo wangu mpendwa Gaudensi,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia, tena kwa sauti, maana huko unovisi, kwenye malezi ya utawa, nasikia hata kukohoa kuna ratiba yake. Hujambo? Na wenzako hapo Tabora hawajambo? Sisi huku tu wazima. Mama kifua kimemwachia, Bariki na Castory wanakusalimu kutoka mwaloni, kwenye mitumbwi yao, na mimi sina ugonjwa ila uchovu, ule usioisha kwa kulala.

Barua yako nimeipata. Umeniomba niifute kabisa akaunti yako ya gemu, kwa kuwa mtu anayetaka kuwa bruda hapaswi kuacha mguu mmoja nje. Nimekuelewa. Bado sijaifuta, na sababu utaiona ukinivumilia, maana siwezi kuifikia kabla sijalalamika kwanza. Dada yako unamjua.

Gemu limenichosha. Si lile tulilolicheza wote. Enzi zile ukishinda, umeshinda kwa shabaha yako. Siku hizi kila mlango una duka. Kabla hujakiona hata hicho kisiwa cha kupigania, unaonyeshwa kofia, mabawa, na sanduku la bahati ambalo hujui lina nini mpaka ulilipie. Huku kwetu hiyo ni kamari, ila wakiipamba kwa nyota wanaiita zawadi. Wanaleta toleo jipya zito, bando linaishia kwenye kupakua, na ukimaliza kupakua huna la kuchezea. Seva ziko mbali huko. Mimi nakufa kwanza, ndipo namwona aliyeniua. Halafu tunaambiwa watu wa Kigoma hatujui kucheza!

Na mashindano yao ndiyo yamenimaliza. Unakumbuka timu yetu ya Wana Mwalo tulivyokuwa tunapanga: mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaji kwenye taa, mitumbwi inalala, Bariki na Castory wanapumzika, timu inatimia. Giza likirudi, kila mtu ziwani. Mwaka huu mashindano yote makubwa yameangukia gizani. Niliwaandikia wenye kampuni nikawaeleza habari za mwezi na dagaa. Walinijibu kwa upole kwamba nizime simu kisha niiwashe. Castory ameshalifuta lake, anasema bora usingizi, hauna matangazo. Nami ningemfuata, isipokuwa siku moja niliingia nikaliona jina lako linawaka kijani, alama ya mtu aliyemo mchezoni.

Nilidhani umeingiza simu huko kwa siri. Kwanza nilifurahi, sikufichi, kisha nikapandwa na hasira nikakuandikia humo humo maneno makali, kwamba mtu aliyemkatalia mama kwa ajili ya Mungu asimgeuke tena Mungu mwenyewe. Hukujibu. Kesho yake, kijani tena. Nakuona umesimama pale tunapokusanyikia kabla ya mchezo, na jezi yako nyekundu, huingii vitani, husemi neno. Nikawaza, basi huyu ni mwizi. Nikaenda kumuuliza mama kama ile simu yako ya zamani bado iko kabatini.

Nilimkuta kando ya vichanja vya kuanikia dagaa, miwani puani, simu yenyewe mkononi.

Wala hakushtuka. Aliniambia yeye hachezi, mambo ya bunduki hayataki. Ila Dainess wa jirani alimwonyesha kwamba ukimgusa yule kijana mwenye jezi nyekundu, anasalimia. Akamgusa nami nisikie. Ni ile salamu uliyoirekodi kwa mzaha, ya “Mwakeye! Mimi nipo, nyie mko wapi?” Mama akaiitikia, kama mtu aliyeamkiwa mlangoni kwake. Nilicheka, halafu nikakaa chini kando yake.

Siku unaondoka alituambia hawezi kuja stesheni, ana dagaa juani na hakuna wa kuwageuza. Ilikuwa mbalamwezi, Gaudensi. Vichanja vilikuwa vitupu, na hao wavuvi wenyewe, Bariki na Castory, walikuwa nasi pale wamekubebea mabegi. Wewe uliondoka ukiamini kwamba amekususia, na tangu hapo barua zote unaniandikia mimi. Sasa ameniambia mwenyewe: alikaa kwenye vichanja vile vitupu mpaka alipojua treni imeshatoka. Alijua atalia, na hakutaka uondoke ukidhani machozi yake yanakuzuia.

Lililobaki ni hili. Kampuni imetangaza kwamba gemu linafungwa mwisho wa mwezi huu. Eti wachezaji wamepungua, kana kwamba si wao waliotufukuza. Kila kitu kitafutika, jezi, akaunti, na sauti. Mama aliniuliza sauti itahamishiwa wapi. Nimechoka, mdogo wangu, sina nguvu ya kumwona akiigusa simu isiyosema kitu.

Kwa hiyo mimi sifuti. Wafute wao, wamezoea. Wewe mwombe mlezi wako ruhusa ya simu ya ofisini, umpigie mama kabla mwezi haujaisha. Huna haja ya kumhubiria. Hata ule mzaha wako unatosha.

Naishia hapa, mkono umechoka. Wasalimie wanovisi wote, na mlezi wako mpe shikamoo yangu. Mtu atakayekuletea barua hii ana pia mfuko wa dagaa kutoka kwa mama. Ameniagiza nikuambie kwamba ni wale aliokuwa akiwageuza siku ulipoondoka. Wapokee hivyo hivyo, usiulize.

Dada yako,
Winfrida