Uhuru wa Kwanza Ulikuwa Mikononi Mwako

Mama yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo usitafute salamu ndefu. Juma lililopita shule ilimrudisha nyumbani mjukuu wangu, yule tuliyempa jina lako, kwa sababu ya upele. Tulijipaka dawa nyumba nzima, nikachemsha mashuka na nguo, munganga wa hospitali akasema sasa arudi darasani. Direkta wa shule akasema abaki nyumbani kwanza, maana wazazi wengine wanauona ni ugonjwa wa aibu. Aibu! Nilitamani uwe hai umjibu mwenyewe.

Unakumbuka jina la upele kule kwetu Kiringye? Uhuru. Mwaka wa uhuru tuliahidiwa barabara na shule, na wengine waliapa kwamba kodi imekufa. Kilichofika ni upele, tena uliingia kila nyumba bila kubagua, kwa mwami mtawala wetu na kwa mkulima wa muhogo. Bibi ndiye aliyeanzisha utani huo, akijikuna mgongo kwenye mwimo wa mlango: "Minye nimepata uhuru yangu, weye bado?" Tulicheka huku tukijikuna. Wewe ulitukorogea unga wa kiberiti kwenye mawese, ukatupaka wote, ila mikono yako mwenyewe haikupona, kwa sababu kila mara ulibaki kufua nguo zetu.

Miaka michache baadaye, uasi ulipoingia bonde la Ruzizi, mimi nilikuwa mtoto na macho yangu yalikuwa yanaoza. Kila asubuhi yalikuwa yameganda kwa tongotongo, nawe ukiyafungua polepole kwa kitambaa na maji ya chumvi. Ugonjwa huo uliufahamu. Kope zako zilikuwa zimeanza kujikunja kwa ndani na kukukwaruza, na dada yangu alikuwa akizing'oa kwa kibano pale mlangoni. Hukutaka nifike huko. Watu wote walipokuwa wakikimbilia milimani, wewe ulinishika mkono tukashuka njia ya Uvira, kwenye dispanseri.

Sange tulikuta bariyeri ya waasi imefunga njia. Wapiganaji wao, walioahidi uhuru wa pili, walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwaingie, na dawa ile ilikuwa na mwiko wake: ukiguswa na mtu ambaye hakunyunyiziwa, imekufa. Kila mtu wa bonde alilijua hilo. Mimi sikuona kitu, macho yalikuwa yamevimba, lakini nilisikia yote.

"Uvira kuko basoda ba serikali. Mwenye kwenda kule iko mupelelezi."

"Ninapeleka mutoto kwa munganga, papa."

"Rudi! Na mikono yako iko na nini?"

"Ni uhuru," ukamwambia. "Ile ya kwanza. Ya pili tunangojea kwenu. Leta mukono, tusalimiane basi."

Nikasikia miguu ya yule mpiganaji ikirudi nyuma. "Mama, usinikaribie! Usiniguse!" Nawe ukaendelea kutembea, mkono mbele, ukiwasalimu wote mmoja mmoja kwa adabu kabisa, nao wakitupisha. Wangeweza kutupiga risasi. Ulijua, maana ulinisogeza nyuma ya mgongo wako. Tulipita.

Dispanseri ilikuwa karibu tupu. Munganga alitazama macho yangu, akatazama yako, akatoa tyubu ya pomadi, dawa ya kupaka machoni. "Mama, imebakia hii moja tu. Haitoshe kwa watu wawili." Hukumwacha amalize. "Ya mutoto," ulisema, na tayari ulikuwa umenifungua jicho kwa kidole gumba.

Baadaye, kope zilipokwisha kukukwangua macho na ukaanza kupapasa ukuta, watu walisema ni malipo ya kuchezea dawa ya wapiganaji. Wapo wanaosema hivyo hata leo, hata kanisani. Nakataa, mama. Nitakataa mpaka nizikwe. Ulipofuka kwa trakoma, ugonjwa ule ule wa kope, na kwa sababu katika mji ule mzima ilibaki tyubu moja. Hakuna laana ndani yake, na aibu, kama ipo, si yako. Wewe uliketi kibarazani ukiniambia nikutajie wanaopita na walivyovaa, kisha ukawasema vibaya kuliko sisi wenye macho. Nakukumbuka sana kwa hilo. Nakukumbuka mpaka naumia.

Basi leo asubuhi nilivaa kitenge changu kizuri, nikampeleka mtoto shuleni mwenyewe. Direkta alitupokea mlangoni, mikono ameificha nyuma ya mgongo.

"Mama, mutuelewe. Si minye. Ni bazazi ba batoto."

"Nimeelewa, Direkta. Leta mukono, tusalimiane basi."

Akautazama mkono wangu. Watoto walikuwa wamejaa madirishani, na mjukuu wangu amenibana upande, kichwa chini. Nikausogeza mkono mbele zaidi, mama, kama wewe siku ile. Sikuurudisha. Direkta alikohoa, akatazama madirisha, akanitazama mimi, na mkono ulikuwa bado pale pale. Hatimaye akautoa wake nyuma ya mgongo, akanishika.

Mtoto akapita katikati yetu, akaenda kukaa kwenye benchi lake.

Pumzika, mama. Tumepita tena.

Mwanao,
yule wa tyubu moja