Waliomkatia Mama simu

Jumamosi ya Novemba, na mvua ya hapa London ile isiyonyesha ikaisha wala isiyoacha. Nimerudi Stratford kutoka kwa Mama, koti nimelitundika bafuni linachuruzika. Nimekaa nikangojea nilie. Sikulia. Nimekula wali wa jana, baridi vile vile, nikaosha sahani.

Sisikii kitu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo, si kwa kutaka nionewe huruma.

Mama yangu anakaribia miaka themanini, anakaa peke yake kwenye fleti ya manispaa nyuma ya Edgware Road, ghorofa ya nne. Kila Jumamosi naenda kumpangia dawa zake za wiki na kumsomea barua. Barua za Mama ni nyingi kuliko za waziri: za hospitali, za manispaa, za watu wa gesi. Leo alikuwa ameitenga moja, ameiweka chini ya msala ili isipotee. Ilitoka kwa mawakili.

Ilisema kwamba wateja wa simu za mezani walioishitaki kampuni yao kwa pamoja, juu ya mabadiliko ya bili, wamepatana nayo nje ya mahakama. Kampuni itawalipa. Mama naye jina lake limo katika orodha ya wateja wa zamani, kwa hivyo anaweza kudai fungu lake akijaza fomu. Na chini kabisa, kwa herufi nyeusi zaidi ya nyingine: kampuni inalipa bila ya kukiri kosa lolote.

Nilimtafsiria neno kwa neno. Akaniambia nirudie hapo pa mwisho.

"Wanalipa lakini hawakukosa?" akauliza. "Mtu asokosa hulipa nini?"

Nikajifanya natafuta miwani.

Hizo bili nazikumbuka vizuri. Zamani ilikuja moja kila miezi mitatu, Mama akienda nayo posta, akipanga foleni na kulipa, na stakabadhi akiitunza kama hati ya shamba. Halafu wakaigeuza ikawa ya kila mwezi. Halafu wakaanza kutoza kwa ajili ya karatasi yenyewe ya bili, na kutoza tena kwa anayelipa dirishani badala ya kukatwa benki. Gharama ikapanda na kupanda, na Mama hata hapigi, anapigiwa tu. Nikamwambia aiache hiyo simu. Akasema nambari yake inajulikana Pemba nzima, na hakuongopa. Kwa miaka, akifa mtu Wete, nyumba ya Mama ndiyo iliyokuwa ikipigiwa mwanzo, kisha yeye ndiye akiwaarifu wengine wote wa huku. Kuna watu London hii walioijua sauti ya Mama kwa habari za misiba tu, wakimwona arusini wanashtuka.

Lakini pesa za bili nilikuwa nazitoa mimi. Nilichoka. Sina neno zuri zaidi la kulitia hapo: nilichoka.

Siku moja kazini, mimi ni karani wa mapokezi kwa daktari wa meno, wakati wa kula mchana nikaipigia kampuni nikajifanya ndiye Mama. Wakaniuliza tarehe ya kuzaliwa. Nikawapa ile ya pasipoti, tarehe mosi Januari, kwani ya kweli hakuna aijuaye. Aliyepokea alinibembeleza nisifunge, akanipa na bei nafuu. Nikamwambia funga. Jumla haikuchukua hata muda wa kumaliza sambusa.

Mama nikamwambia kampuni imezikata simu zote za waya, si yake peke yake. Nikamnunulia ya mkononi, nikamfundisha kuipokea, nikajiona mtoto mwema.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka miwili na bado naitembea.

Mwezi wa pili baada ya hapo, dada yake Mama, tuliyekuwa tukimwita Mama Mkubwa, aliugua huko Wete. Watoto wake wanakaa Unguja na Maskati. Pale nyumbani aliyekuwa akimwangalia ni jirani yake mmoja. Mama Mkubwa hakujua kuandika, na nambari mpya ilikuwa haijamfikia, lakini ile ya zamani ya Mama ilikuwa kichwani mwake yote, tangu sifuri ya mwanzo mpaka tarakimu ya mwisho. Alimtajia jirani, jirani akabonyeza. Haipatikani. Wakapiga tena jioni, na kesho yake, na kesho kutwa. Jirani alitaka kuwaita watoto, yeye akakataa, akasema kwanza anamtaka mdogo wake, ana neno naye. Watoto walipokuja kuitwa na kufika, alikuwa amekwisha kukata kauli.

Jirani aliyaeleza haya matangani, na binamu yangu akampigia Mama kumweleza, kwenye hiyo simu ya mkononi niliyomnunulia mimi. Nilikuwa nimekaa karibu yake. Nilimwona anavyosikiliza. Mama hajui mpaka leo dada yake alikuwa na neno gani, wala mimi sijui, wala hatojua mtu.

Nadhani ganzi hii ilianza siku ile.

Sasa leo. Mama aliposikia habari ya fidia alisema pesa zao hazitaki, zikija nizipeleke msikitini. "Mimi nnataka wajue walonifanya," akasema. "Kaa uandike."

Fomu haina mahali pa maneno. Ina visanduku tu. Mama akachana karatasi kutoka daftari lake, akanipa. Yeye akisema kwa Kiswahili, mimi nikiandika kwa Kiingereza: kwamba mlinikatia simu bila ya kuniuliza, kwamba dada yangu alinitafuta siku tatu, kwamba amekufa hakunipata. Mwandiko ulitoka umenyooka, mzuri, ule ninaouandikia kadi za miadi. Nilipomaliza akataka nimsomee. Kiingereza cha Mama si kingi, lakini yapo maneno anayoyajua.

"Hiyo please ya nini? Itoe. Siwaombi kitu mie."

Nikaifuta.

Kisha nikaijaza fomu. Likaja swali: laini ilifungwa na nani? Mteja, au kampuni? Nikatia alama kwenye mteja. Sijui kwa nini hapo nilisema kweli. Labda ni woga, kwani wao wanayo sauti yangu imerikodiwa, ikijiita Mama. Na mwisho wa fomu: nathibitisha kwamba niliyoyaeleza hapa ni ya kweli. Mama akatia saini yake kwa herufi za Kiarabu, polepole, akaikagua, akaridhika nayo. Kwa hivyo bahasha moja ina karatasi mbili zinazokanushana, na zote mbili nimeziandika mimi.

Nilikuwa nailamba gundi aliponiuliza, "Watasema pole, au watanyamaza?"

"Pole, Mama," nikasema.

Nilikusudia hasa. Roho ilinipiga, mara moja tu. Ndicho kitu pekee nilichokihisi leo.

Akanitazama kama mtu aliyekatizwa kusema. "Wewe wanipa pole ya nini? Yako n'shaipata zamani, siku ile ya msiba. Mimi nataka yao wao."

Basi ikaishia hapo. Bahasha nikaitia mkobani, nikapika chai. Alasiri ikaingia, Mama akasali amekaa kitini kwa ajili ya magoti. Alipomaliza hakuondoka pale. Akakaa anahesabu tasbihi, kisha akaanza kusema, taratibu, bila ya kunitazama.

"Ujue n'shawasamehe. Zamani. Kila nikisali nawatajia Mungu, namwambia huyo alokata na huyo aloamrisha, wote n'shawasamehe, kwani nakhofu kufa na kinyongo." Akavuta punje nyingine ya tasbihi. "Lakini wangekuwa watu, angekuja mmoja wao, akakaa mbele yangu, akan'ambia: Bibi, ni mimi."

Nilikuwa nimekaa mbele yake. Kikombe chake kiko mkononi mwangu.

Msamaha wa Mama nautaka kuliko kitu chochote duniani. Leo ameutoa nikisikia kwa masikio yangu, amewapa watu ambao hawakumfanya hilo. Na mimi nikamuuliza kama nimwongeze sukari.

Akasema inatosha.

Kesho ni Jumapili. Posta haichukui barua, mimi sina kazi, na treni zinakwenda. Nikikosa kuwa pale kwa Mama kesho, sitokuwa na kampuni ya kuisingizia.