Mwalimu wa Mkunya Aliyemwaga Maji ya Jirani

Kwako mshauri wa gazeti letu, shikamoo. Uso wako siujui, lakini maneno yako huyasoma kila mwezi tarishi anapofika, na leo naomba unisaidie mimi, kwa maana nyumba yangu inabomoka na kila mtu hapa Mkunya ameshaamua kwamba mkosaji ni mimi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya misheni, mke wangu ni Isabela, tuna mtoto wa kiume Petro aliye karibu kutimiza miaka mitatu, na mwezi uliopita Mungu alitupa mtoto wa kike, nami nilifurahi sana mpaka mke wangu aliponiambia kwamba mtoto huyu ataitwa Pili, jina la mama mmoja Mwislamu, jirani yetu, ambaye watu humwita Mama Hamidu, na kwamba huyo ndiye atakayekuwa somo wake kwa kuwa wanachangia jina, nami nikasema haiwezekani mtoto wa mwalimu wa misheni apewe jina la watu wa msikitini, kesho atavaa hirizi, keshokutwa atakwenda chuoni kusoma Kurani, kwa maana mlango ukifunguliwa kidogo upepo hauingii kidogo.

Wewe unajua, mshauri, huku juu kwetu hakuna mto wala kisima, wanawake hushuka bondeni alfajiri na kurudi jua likiwa kali, kila mmoja na mtungi wake kichwani, na desturi ya majirani zangu ni kwamba siku mtoto anapotolewa nje somo wake humletea mtungi wa maji aliyoyateka mwenyewe, naye huogeshwa kwa maji hayo mbele ya watu. Basi siku hiyo Mama Hamidu, na uzee wake ule, alishuka bondeni akapanda na mtungi, akautua mlangoni kwangu huku akitweta, akasema, “Bismillahi, mjukuu wangu aoge,” nami niliposikia neno lile nikayakumbuka maji ya vita, yale yaliyowadanganya watu wakafa kwa risasi, nikasema moyoni kwamba haya nayo yamesomewa, nikauinua mtungi nikayamwaga yote mchangani.

Mama Hamidu akautazama mchanga unavyoyanywa, akasema, “Mwalimu, ungeniambia huyataki ningemnywesha mbuzi,” akachukua mtungi wake akaenda zake, na mke wangu akafunga nguo, akambeba mtoto mgongoni na kumshika Petro mkono, nikamwuliza anakwenda wapi, akasema, “Kwa mama, Makote,” nikamwambia mke wa mwalimu haondoki bila ruhusa, akasema, “Baba Petro, siku ya vita wewe uliondoka kwa ruhusa ya nani?”

Hapa naona haya kukuandikia, lakini mficha uchi hazai. Wakati wa vita, miaka mitatu iliyopita, tulikaa Lupaso, na habari zilipokuja kwamba wapiganaji wanakwenda Masasi kuichoma misheni, mapadre walitoka kwenda Lindi nami nikafuatana nao, mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, hakuweza kukimbia, nikamwacha, nilisema nitarudi kesho yake na sikurudi mpaka ulipoingia mwezi wa pili tangu nimwache, ni huyo Mama Hamidu aliyemficha ndani kwake, na wapiganaji walipofika wakiwatafuta watu wa misheni, yeye alikaa kizingitini akawaambia, “Ndani mna mzazi, damu haijakauka. Anayetaka kuiharibu dawa yake na apite,” nao wakaogopa, maana dawa yao iliwakataza kukaribia wanawake, wakaenda, na baadaye askari wa Wadachi walipopita kuadhibu vijiji nyumba yake iliungua pamoja na nyingine, ndipo akahamia huku Mkunya kwa kaka yake, nasi tulipoletwa shule ya hapa tukamkuta.

Namshukuru, sikatai, lakini shukrani ni kitu kimoja na imani ni kitu kingine, sivyo? Sasa wanawake wa hapa hawaniletei maji, nikipita wananiambia, “Mwalimu, leo utamwaga nini, uji?” na ubatizo umebakiza Jumapili tatu, na Isabela ameniletea neno kwamba harudi wala hamleti mtoto. Je, nimshitaki kwa padre ili atengwe mpaka arudi kwa utii, au niende Makote nimchukue mtoto kwa nguvu? Nilichofanya nilikifanya kwa ajili ya dini.

Mimi, Dunstan, Mkunya.

*

Mwalimu Dunstan, marahaba.

Nimeisoma barua yako mara mbili: mara ya kwanza kutafuta nukta, mara ya pili kutafuta aibu. Nukta ni chache. Aibu ipo, lakini umeiweka karibu na mwisho, mahali ambapo msomaji aliyechoka asingeifikia. Mimi sikuchoka.

Kwa jambo moja nakuonea huruma. Kila nyumba kutoka Masasi hadi Lindi ina mtu aliyeyaamini maji ya vita akafa, au aliyekufa kwa mkono wa walioyaamini. Mtu aliyeyaona hayo akiuogopa mtungi, simcheki. Lakini wewe ni mwalimu, na kazi ya mwalimu ni kutofautisha. Maji yale yaliahidi kwamba risasi haitapenya. Haya yaliahidi kwamba mtoto ataoga.

Unasema neno “Bismillahi” lilikushtua. Maana yake ni “kwa jina la Mungu”. Wewe kila asubuhi darasani, sala unaianza kwa jina la nani?

Unasema imani inadai mlango ufungwe. Nimeishi miaka sitini na mitano, nimeona dini ikiwafunga watu akili na nimeiona ikiwafungua, na mara nyingi ilikuwa dini ile ile, watu ndio walikuwa mbalimbali. Mama Hamidu pale kizingitini alizijua imani tatu: yake, iliyomkataza kumtoa aliyekimbilia kwake, yako, iliyokuwa ikitafutwa ili ichomwe moto, na ile ya wapiganaji, ambayo aliielewa vizuri kiasi cha kuwasimamisha kwa maneno machache. Wewe unaijua moja, na hiyo moja ulikimbia nayo Lindi.

Utasema alidanganya, kwa kuwa mtoto hakuwa amezaliwa. Nenda ukamwulize Petro kama uongo huo umemdhuru.

Hukuilinda dini, mwalimu. Hakuna aliyeipiga vita dini yako siku ile. Ulimwona mwanamke aliyefanya kazi iliyokuwa yako, na kila ukimtazama unakumbuka kwamba hukuifanya. Ukatafuta sababu nzuri ya kumfukuza, ukaiona imani imekaa karibu, ukaitumia. Hilo ndilo linalonikasirisha. Mtu akiogopa, aseme naogopa. Asimsingizie Mungu.

Wala usidhani kwamba haya nayasema kwa sababu wewe ni Mkristo. Mwaka jana mwalimu mmoja wa Kurani, Bwanali, aliniandikia akijisifu kwamba alimzuia mwanawe asilibebe jeneza la jirani Mkristo. Nilimjibu kwa maneno makali kuliko haya.

Na nikuambie jambo ambalo gazeti halikukuambia. Mimi huswali mara tano kwa siku. Ungelijua hilo, ungeniandikia? Kama hutaki, likunje gazeti hapa hapa. Ukiendelea kusoma, ujue umekwisha kukubali shauri la mtu wa dini nyingine, na hirizi bado hujavaa.

Sasa sikiliza.

Usimshitaki mkeo kwa padre. Katika barua yako yote sikuona mahali ambapo padre alilikataza jina hilo. Hukumwuliza hata mara moja, uliogopa asije akalikubali. Mwulize. Mtoto aweza kubatizwa kwa jina la Dominika, na nyumbani akaitwa Pili. Majina mawili hayajamlemea mtoto yeyote huko kwenu. Na usithubutu kwenda kumchukua kwa nguvu. Huko Makote mtoto ana wajomba, nao si watu wa kusoma magazeti kabla ya kushika fimbo.

Kesho alfajiri chukua mtungi ushuke bondeni na wanawake. Watakucheka, wana haki. Teka maji, upande nayo kichwani mwako, uyafikishe kwa Mama Hamidu wakati watu wapo, kwa sababu kosa la hadharani haliombewi radhi uchochoroni. Mwambie: “Shikamoo, Mama. Uliniokolea mke na mtoto, nami nikamwaga jasho lako mbele ya watu. Nimekosa.” Usiongeze “lakini”. Usimhubirie. Akikataa, shuka tena siku ya pili, na ya tatu. Yeye anaijua njia hiyo kwa miguu yake, na wewe ujifunze.

Kisha nenda Makote. Isabela alikuuliza swali, ukalijibu kwa kuniandikia mimi. Mimi sikuachwa Lupaso. Mjibu yeye, kwa maneno mafupi: niliogopa, nikakuacha. Neno la dini lisikutoke kinywani mpaka yeye alianze. Akinyamaza, kaa nje kwa wakwe zako, uwachanjie kuni, ucheze na Petro, ungoje. Ulimngojesha zaidi ya mwezi mmoja.

Na ikiwa Mungu atakujalia kuwaona watu wako wote kanisani Jumapili ile, mwalike Mama Hamidu. Pengine dini yake itamkataza kuingia. Usimlazimishe wala usinung'unike. Peleka kiti kizuri cha nyumbani kwako, ukiweke nje karibu na dirisha, kivulini, asikie. Mtoto akitoka na maji ya ubatizo kichwani, wewe mwenyewe umbebe, umpite jumbe, umpite mzee wa kanisa na wageni wote, umweke mapajani pa somo wake kwanza.

Sina la kuongeza. Umesoma, inuka.