Karatasi Iliyofungia Mbegu za Bamia

Palma, 9 Februari 2025

Mwanangu Sadique,

Amani ikufikie huko Pemba, wewe na nyumba yako. Sisi tu wazima, isipokuwa magoti yangu, nayo nimeshayazoea. Dada yako Dalila anakusalimu, anasema kitambi chako kimefika huku kabla yako, kwa picha.

Barua hii anakuletea Ussumane, muuza samaki wakavu. Nimeibandika kwa uji wa muhogo ili asiisome.

Jana nilifungua kifurushi cha mbegu za bamia, nikakuta zimefungwa kwa karatasi ya marehemu mwanangu Mamudo. Ni ya daftari lile alilokuwa akiandika tulipokimbia vita kwenda Nhica. Nadhani niliichana mwenyewe, siku nilipopewa mbegu. Daftari lenyewe nililichoma baada ya kumzika. Tulikuwa tunarudi, askari wanapekua mizigo, na mle mlikuwa na majina yetu na namba. Nakunakilia:

Kulala msituni: 1: Mama, Dalila, Mamudo
Kula mihogo mibichi: 2: Dalila, Mamudo
Dalila kucheka: 5: Mama, Dalila, Mamudo

Mtu anayeandika watu wake na namba, anamwandikia nani? Mlisoma naye informática, elimu ya kompyuta, wewe utajua. Niambie kweli, hata ikiwa mbaya. Kule njiani nilimuuliza mwanangu kama yuko na wale wanaochoma vijiji. Akasema, "Hapana, mama." Tangu hapo tukabaki na salamu tu, na siku ya tisa homa ikamchukua.

Shangazi yako,
Nafisa

Pemba, 21 Februari 2025

Shikamoo shangazi,

Barua imefika inanuka papa, ila haijafunguliwa. Mwambie Dalila kitambi ni heshima ya mwenye kazi. Magoti yapake mafuta ya nazi ya moto, usiyazoee.

Alichoandika Mamudo ni maagizo ya mchoro. Huchori kwa mkono. Unaandika maneno, kompyuta inayageuza picha. Michoro ina aina nyingi. Kazini tuna wakala wa akili mnemba ndani ya kompyuta: unampa maandishi, anakuambia ni mchoro wa aina gani, kisha anauchora. Nimempa mistari yako. Amejibu kwamba aina hujulikana kwa mstari wa kwanza, nao haupo. Nikamsukuma akisie, akasema hana uhakika, hawezi kusema. Mimi ningekisia, shangazi, ili upate usingizi.

Tazama juu ya karatasi. Na je, umenakili yote?

Mwanao,
Sadique

Palma, 4 Mei 2025

Mwanangu Sadique,

Nakusalimu kwa haya. Ramadhani imekuja ikaenda nami sijakujibu, nimefunga kwa mdomo tu. Afya ipo. Bamia nimezipanda, zimeota nne.

Umeniuliza swali la mtu anayenijua. Sikunakili yote. Juu kuna neno la kigeni, limekaa peke yake. Nilidhani ni alama ya watu wale, nikaogopa hata wewe usilione. Na chini kuna mstari mwingine:

Mama kuuliza: 3: Mama, Mamudo

Huo nauelewa nusu, ndiyo maana niliuacha. Alipokuwa mdogo, akimenya muwa alikuwa ananipa mimi pingili laini, yeye anatafuna vifundo. Mtoto wa namna hiyo nilimuuliza vile, mbele ya watu.

Nakutumia karatasi yenyewe. Nisomee tatu ni nini.

Shangazi yako,
Nafisa

Pemba, 15 Mei 2025

Shikamoo shangazi,

Hapa tu wazima. Bamia nne zinatosha mchuzi wa mtu mmoja, usimgawie Dalila.

Safari hii wakala hakusita. Ni mchoro wa safari. Neno la juu, ambalo ni "safari" kwa Kiingereza, ndilo linalosema hivyo, pamoja na namba zilivyokaa. Aina hii huandikwa na mtu anayetaka kukumbuka kila hatua ilivyomwingia moyoni. Moja ni uso unaolia, tano ni uso unaocheka. Majina ni ya waliohusika. Hakuna aliyekuwa anaandikiwa, shangazi. Alikuwa anaandika mwendo wenu, basi.

Tatu ni uso ambao mdomo wake umenyooka. Haulii, haucheki.

Nami nina langu. Mamudo alinitumia ujumbe kutoka Nhica: "Uko salama, ndugu?" Sikumjibu. Niliogopa namba yangu ikutwe kwenye simu yake. Kwa hiyo usidhani ulimwogopa peke yako.

Nimekuchapia picha, na karatasi yake nakurudishia.

Mwanao,
Sadique

Palma, 2 Juni 2025

Mwanangu Sadique,

Nimepokea vyote, na mkono wako nimeubusu kwa mbali. Magoti yamepata nafuu ya mafuta. Ule ujumbe usiubebe peke yako. Nimemsomea dua kwa jina lako na langu.

Picha nimemwonyesha Dalila. Amejitafuta mpaka akauona uso wake wa namba tano, akasema, "Nilicheka nini siku ile?" "Ulikuwa umeanguka kwenye tope," nikamwambia, "na kaka yako akaanguka akikuokota." Tukacheka tena, kisha akatoka nje.

Miaka minne nimejiandikia moja kwa swali lile. Yeye aliandika tatu.

Nina ombi. Mwambie huyo wakala wako aongeze mstari chini kabisa, wa kwangu:

Kuchoma daftari: 1: Mama

Asiweke jina lingine, nilikuwa peke yangu. Na ile tatu asiiguse.

Shangazi yako,
Nafisa